Zege Linalonyonya Mawimbi

Leo nataka tuzungumze juu ya zege. Naam, zege hilihili la saruji, mchanga na kokoto ambalo kila aliyewahi kujenga anaijua bei yake. Lakini nitaanzia baharini.

Mwezi wa Juni 2025, Israel na Iran zilipokuwa zikishambuliana, meli zilizokuwa zikipita Mlango wa Hormuz na Bahari ya Oman zilianza kupewa habari za uongo na vyombo vyao wenyewe. Nahodha anatazama skrini, inamwambia yuko nchi kavu. Anatazama nje, maji pande zote. Mamia ya meli yalipatwa na hali hiyo. Tarehe 17 Juni meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana nje ya mlango huo na moto ukawaka. Imarati ilisema ni kosa la kukadiria njia, nami siongezi neno juu ya hapo. Ninachosema ni kwamba siku zile anga ya bahari yetu ilijaa mawimbi ya redio yaliyotumwa makusudi kuvuruga vyombo, na mawimbi hayo hayakuuliza nani yumo vitani na nani hayumo.

Kwa mtu wa Qantab habari hiyo si ya mbali. Kijiji cha Qantab, hapa Maskati, kiko kwenye ghuba ndogo baina ya Al Bustan na Bandar Jissah, majabali mgongoni na bahari usoni. Barabara inapanda mlima kisha inateremka mpaka ufukweni, na pale ufukweni ndipo zilipo boti za faiba za wavuvi. Siku hizi mvuvi hutafuta eneo lake la samaki kwa kifaa cha GPS. Kifaa hicho hupokea mawimbi ya setilaiti zilizoko kilomita 20,000 juu yetu, mawimbi ambayo yakifika hapa chini yamekuwa hafifu mno, kiasi kwamba mtambo mmoja wa kuvuruga unaweza kuyafunika katika eneo kubwa la bahari. Mzee aliyejifunza kuongoza chombo kwa kuutazama mlima na nyota ana pa kurudia. Kijana aliyejifunza kwa skrini peke yake hana.

Kuvuruga, hata hivyo, ni daraja ya chini ya hatari hii. Mtambo wa kuvuruga ukizimwa, kifaa chako kinarudi kufanya kazi kama kawaida. Daraja ya juu ni lile pigo la mawimbi ambalo likipita, kifaa hakirudi tena, kwa kuwa kimeungua ndani.

Tarehe 9 Julai 1962 Wamarekani walilipua bomu la nyuklia juu ya Kisiwa cha Johnston katika Bahari ya Pasifiki, kilomita 400 kutoka usawa wa bahari. Jaribio hilo waliliita Starfish Prime. Hakuna nyumba iliyobomoka. Lakini huko Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani kama 300 zilizimika na ving'ora vya kuzuia wezi vikalia vyenyewe. Oktoba ya mwaka huohuo Wasovieti nao walifanya jaribio lao juu ya Kazakhstan. Laini ya simu yenye urefu wa kilomita 570 ikaharibika, na moto ukazuka kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Karaganda.

Jambo hili hutokeaje? Miale ya gamma inayotoka kwenye mlipuko hugonga hewa kiasi cha kilomita 20 mpaka 40 juu ya ardhi na kung'oa elektroni. Elektroni hizo zikikimbia hupindwa na usumaku wa dunia, na kule kupindwa kwao ndiko kunakozaa wimbi. Wimbi la kwanza hufika kileleni ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni ya sekunde moja, na wahandisi hukadiria nguvu yake kuwa volti 50,000 kwa kila mita. Kikata umeme cha nyumbani kwako hakiwahi hata kuanza kujiachia. Tena mwaka 1962 redio nyingi zilikuwa bado za valvu, vitu vigumu kuungua. Leo pampu ya maji, mashine ya oksijeni, mizani ya sokoni, mlango wa benki, vyote vina chipu ndani yake, na chipu huuawa na umeme mdogo sana.

Mwaka 1963 baadhi ya mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kuacha majaribio ya nyuklia angani, na tangu hapo ulimwengu umelijadili jambo hili zaidi kwenye karatasi. Nasema waziwazi kwamba silali nikiogopa bomu kulipuliwa juu ya Ghuba. Lakini kuna mitambo midogo inayorusha mawimbi makali ya maikrowevu, mingine ya kubebwa na gari, ambayo nguvu yake haifiki mbali ila inatosha kukiharibu kituo kimoja kilicho karibu. Anayeutakia mji wetu ubaya hahitaji kuupiga mji mzima. Anahitaji chumba kimoja tu, kile kinachoendesha kitu ambacho mji hauwezi kuishi bila yake siku tatu.

Hapo ndipo zege linapoingia.

Katika Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, Marekani, alikuwapo mhandisi wa ujenzi, Christopher Tuan, aliyeshughulika miaka mingi na tatizo ambalo sisi wa Oman hatulijui kabisa, barafu juu ya madaraja. Yeye na wenzake walichanganya zege na kaboni pamoja na nyuzi za chuma mpaka likaweza kupitisha umeme. Ukiliunganisha na umeme, linapata joto na barafu inayeyuka. Mwaka 2002 walijenga daraja la Roca Spur, kusini ya Lincoln, wakaweka juu yake vibamba 52 vya zege hilo. Baadaye Tuan alishirikiana na mhandisi wa umeme, Lim Nguyen, kwa sababu kitu kinachopitisha umeme kina tabia nyingine yenye faida: kinazuia mawimbi. Mwaka 2016 chuo kilitangaza kwamba wamepata zege la kukinga majengo, na kampuni moja ya Lakeland, Florida, iitwayo ABC Group, ikachukua leseni ya kulitumia.

Siri ya zege hilo nataka tuielewe vizuri, maana si siri ya kiajabu. Tangu Michael Faraday alipofanya majaribio yake mwaka 1836 inajulikana kwamba ukikizingira kitu kwa chuma pande zote, umeme wa nje haukifikii kilicho ndani. Ndiyo maana majeshi hujenga vyumba vya bati nene la chuma lililochomelewa kila ukingo. Vyumba hivyo hufanya kazi, lakini ni ghali, vinataka mafundi maalumu wa kuchomelea, na chuma karibu na bahari kina adui yake. Mtu anaweza kusema: zege letu la kawaida si lina nondo ndani? Linazo, lakini nondo zimeachana sentimita 15 au 20, na wimbi fupi hupita katikati yake. Wimbi la gigahezi moja lina urefu wa sentimita 30 tu. Kwa wimbi kama hilo, nondo zako ni dirisha lililo wazi.

Zege la Nebraska linaziba nafasi hizo kwa namna mbili. Kaboni na vipande vya chuma vilivyotapakaa ndani yake hurudisha nyuma sehemu ya wimbi. Sehemu iliyobaki hunyonywa na magnetiti, jiwe jeusi lenye chuma na usumaku, linalowekwa badala ya baadhi ya kokoto. Nguvu ya wimbi humezwa humo na kugeuka joto dogo lisilohisika. Ukuta unakuwa ni ukuta na ngao kwa pamoja. Na zege hilo linaweza kurushwa kwa bomba la hewa juu ya ukuta wa zamani, kwa hiyo jengo lililokwisha simama nalo lina tumaini.

Kipimo wanachokitumia wahandisi ni desibeli. Jeshi la Marekani, katika vituo vyake muhimu vya mawasiliano, linataka kinga ya desibeli 80. Tuifanye hesabu hiyo kwa lugha yetu: desibeli 80 maana yake nguvu ya wimbi imegawanywa kwa 10,000. Zile volti 50,000 kwa mita zinabaki volti tano. Kinga ya desibeli 20 inagawanya kwa kumi tu, unabaki na volti 5,000, na chipu zako zimo hatarini vilevile. Basi mtu akikuuzia saruji na kukwambia inazuia mawimbi, mwulize desibeli ngapi, katika masafa gani, na nani amepima.

Sasa, hapa Maskati tukinge nini? Hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti. Nimesikia watu wakiulizia kinga ya nyumba zao, na wengine wakiulizia kinga ya hoteli. Mimi jibu langu ni moja: tukinge maji.

Maskati hainywi maji ya mvua wala ya mto. Inakunywa bahari. Mtambo wa Ghubrah ulianza mwaka 1976, ukiwa wa kwanza nchini kugeuza maji ya chumvi kuwa matamu. Upande wa pili, ng'ambo ya majabali kusini ya Qantab, uko mtambo wa Qurayyat unaoweza kutoa mita za ujazo 200,000 kwa siku. Qantab na majirani zake wako katikati ya mitambo ya namna hiyo, na kila tone linalofika bombani limesukumwa na pampu, pampu imeamrishwa na kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo imo ndani ya chumba ambacho ukuta wake, kwa kadiri ya mawimbi, ni pazia. Ikiungua mota, utapata nyingine. Zikiungua kwa pamoja kompyuta zote zinazoziamrisha mota, pamoja na zile za akiba zilizohifadhiwa katika chumba hichohicho, utasubiri meli ilete nyingine kutoka ng'ambo huku matangi yakikauka.

Tarehe 5 Septemba 2022 umeme ulikatika Maskati na mikoa mingine mchana kweupe, kwenye joto. Taa za kuongozea magari zilizimika, lifti zikasimama na watu ndani yake. Ilikuwa hitilafu ya gridi, haikuwa na uhusiano na mawimbi, na baada ya saa kadhaa umeme ulirudi kwa sababu vifaa vilikuwa vizima. Wenye jamaa Unguja wanajua inavyokuwa pale kifaa chenyewe kinapokufa. Desemba 2009 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Watu wa Mjini waliteseka kwa giza, ndiyo, lakini waulize kilichowachosha zaidi. Watakwambia ndoo. Pampu za maji zilisimama, na akina mama wakatembea na ndoo kutafuta kisima. Unguja ina visima. Maskati ya leo, yenye watu zaidi ya milioni moja, haina visima vya kuwatosha, na mtu hawezi kuteremka ufukweni Qantab akachota maji ya kunywa.

Kwa hiyo chumba cha kuendeshea mtambo wa maji, ghala la vipuri vyake vya elektroniki, na chumba cha jenereta ya akiba: vitatu hivyo ndivyo ningeanza navyo. Baada yake chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali na kituo cha simu. Nyumba yangu na yako ingoje. Ukuta mzuri kuzunguka friji hauna maana ikiwa bomba ni kavu.

Na hapa Oman tuna jambo ambalo Nebraska hawana. Mtu akisimama Matrah au Maskati ya zamani akiyatazama yale majabali meusi, anatazama sakafu ya bahari ya kale na mwamba wa chini yake, vilivyosukumwa juu ya nchi kavu. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 95, na wanajiolojia wa dunia nzima huja kuusoma mwamba huo. Mwamba wa aina ile ukikutana na maji hubadilika taratibu, na chuma kilichomo ndani yake huachwa kikiwa magnetiti. Ni jiwe lilelile linalotafutwa na watu wa zege! Katika mwamba wetu limetawanyika kwa chembe ndogondogo, si mgodi wa kuchota kwa koleo, na sisemi hata kidogo tuvunje majabali ya Maskati. Hayo ni uso wa mji. Lakini machimbo ya kokoto za gabro, jiwe la jamii ya mwamba huo, yapo tayari nchini, na viwanda vya chuma vya Sohar vinayeyusha chuma kwa tanuri za umeme, na tanuri hizo huacha mabaki yenye oksidi za chuma ndani yake. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kina maabara za uhandisi na za jiolojia. Mwanafunzi wa Kiomani akipewa mifuko kadhaa ya mabaki hayo, saruji ya hapa na kifaa cha kupima mawimbi, anaweza kutwambia kama zege la ngao linaweza kutoka Sohar badala ya kuagizwa Florida. Hilo ningependa kuliona kabla sijazeeka.

Lazima pia niseme mahali zege hili linaposhindwa, maana wauzaji hawatawaambia.

Kwanza, ukuta ni nusu ya kazi, na pengine si nusu. Chumba kina mlango, kina tundu la kiyoyozi, kina bomba, na zaidi ya yote kina nyaya zinazoingia: umeme, simu, intaneti. Waya mrefu ulioko nje hulikusanya lile pigo na kuliingiza ndani moja kwa moja, ukuta uwe mnene kiasi gani. Chumba cha zege la ngao chenye waya mmoja usio na kichujio ni dau lililokalafatiwa mbao zote isipokuwa moja. Kila waya wa shaba unaoingia unataka kichujio chake. Waya wa kioo unaopitisha mwanga ni bora zaidi, maana haubebi umeme. Matundu ya hewa hufungwa kwa mirija myembamba ya chuma iliyopangwa bega kwa bega, hewa inapita na wimbi haliwezi kupita. Mlango unataka ukanda wa chuma kuzunguka kingo zake zote, na ukanda huo ukilika, ukapinda au ukapakwa rangi na fundi asiyejua, kinga imekwisha. Hewa ya Qantab yenye chumvi itaula ukanda huo kabla ya kitu kingine chochote.

Chumvi hiyo inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Kila mwashi wa pwani anajua nondo zinavyovimba kutu na kulipasua zege. Kaboni ikigusana na chuma mahali penye unyevu wa chumvi huifanya kutu iende mbio zaidi. Kwa hiyo mchanganyiko uliofaulu katikati ya Marekani, maelfu ya kilomita kutoka Oman na mbali na bahari yoyote, hauwezi kuletwa hapa na kumiminwa vivyo hivyo. Utataka kujaribiwa miaka kadhaa kando ya bahari hii hii, katika joto la Julai hii hii.

Pili, ukuta unaozuia wimbi kuingia unazuia pia kutoka. Ndani ya chumba hicho simu yako ya mkononi haitashika. Daktari hatapigiwa, mlinzi hataita. Lazima iwekwe njia ya mawasiliano iliyopangwa tangu mwanzo, la sivyo wafanyakazi wenyewe wataacha mlango wazi kwa jiwe ili wapate mtandao, na hapo mamilioni ya riali yamepotea.

Tatu, zege halimsaidii mvuvi. Kifaa kinachotakiwa kusikia mbingu hakiwezi kuwekwa ndani ya ngao. Kwake yeye dawa ni dira, ni ramani ya karatasi, na ni kumkalisha kijana pamoja na mzee baharini mpaka aijue pwani kwa macho.

Kuna pia dhoruba za jua, ambazo huchanganywa na mambo haya. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliuangusha umeme wa Quebec, Kanada, katika muda wa sekunde 90 hivi, na watu milioni sita wakakaa gizani kiasi cha saa tisa. Hiyo ni hatari ya kweli, lakini inapita kwenye nyaya ndefu za gridi na kuzichosha transfoma, tena inazielemea zaidi nchi za kaskazini ya mbali. Sisi tuko jirani kabisa na Tropiki ya Kansa. Ukuta wa zege hauizuii dhoruba hiyo, na asiuziwe mtu zege kwa jina lake.

Sasa nawaambia wahusika wa maji na wa ujenzi, kwa heshima. Mitambo mipya ya maji itaendelea kujengwa katika pwani hii, maana watu wanaongezeka. Ngao ikiamuliwa wakati wa kuchora ramani, ni suala la kubadilisha mchanganyiko wa zege la chumba kimoja na kupanga nyaya ziingie mahali pamoja. Ikiamuliwa baada ya jengo kwisha, ni kuvunja, kurusha zege upya, na kufukuzana na nyaya zilizokwisha pita kila upande. Basi katika zabuni ijayo iandikwe namba: desibeli 80 kwa chumba cha kuendeshea mtambo, zipimwe na mtu asiye mkandarasi siku ya kukabidhi, zipimwe tena kila mwaka mlango ukiwa umekwisha funguliwa na kufungwa mara elfu, na vipuri vya akiba vikae ndani ya ngao, visikae kwenye banda la bati uani.